Dhamana, Mhalifu Sugu na Usalama wa Jamii: Somo Kutoka kwa Wenyeji wa Asili wa Kanada

Katika mikutano ya polisi na wananchi lipo swali moja ambalo halikosi kuulizwa. Mtu hunyanyuka kutoka mistari ya nyuma, husalimu kwa heshima, kisha husema: afande, fulani mlimkamata Jumatatu kwa kumkata mwenzake panga, na Ijumaa tumemwona sokoni akinunua nyama, mmemwachilia kwa sheria gani? Minong'ono huanza, na kabla afisa hajafungua kinywa wengine huwa wamekwisha kujijibu kwamba kuna aliyekula mlungula.

Niliwahi kuulizwa swali hilo na mama mmoja ambaye jeraha la mkononi mwake lilikuwa bado halijapona. Hakupiga kelele. Alitaka tu kujua kama sheria inayomjua mshtakiwa kwa jina inamjua na yeye pia. Nilimweleza haki ya dhamana kama nilivyofundishwa; akasikiliza hadi mwisho, akashukuru, akaketi. Niliondoka mkutanoni nikijua kwamba nimesema kweli, lakini sijamjibu. Somo la toleo hili ni jaribio la kumjibu.

Nimechagua mfano wa Kanada kwa sababu mbili. Kwanza, katika miaka ya karibuni nchi hiyo imebadilisha sheria yake ya dhamana hadharani, ikiwalenga watu wanaorudia makosa ya kikatili. Pili, mjadala huo unawagusa wenyeji wa asili wa nchi hiyo kuliko kundi lingine lolote, na unawagusa kwa pande zote mbili: wao ndio wanaoumizwa mno na wahalifu, na wao ndio wanaojaza mno magereza. Anayeuelewa mtihani huo ataelewa kwa nini jibu la dhamana haliwezi kuwa la neno moja.

1. Dhamana ni nini, na si nini

Dhamana ni ahadi. Mtu aliyeshtakiwa, ambaye bado hajahukumiwa, anaruhusiwa kungoja kesi yake akiwa nje, kwa sharti kwamba atarudi mahakamani siku atakayoitwa na atatii masharti atakayopewa. Dhamana haimaanishi kwamba mtu ameonekana hana hatia, wala haifuti shtaka. Si zawadi ya polisi, si huruma ya hakimu, na si bidhaa ya kununuliwa.

Nchini Kanada haki hiyo imo katika Mkataba wa Haki na Uhuru wa mwaka 1982, kifungu cha 11(e), kinachosema kwamba mshtakiwa hatanyimwa dhamana inayofaa pasipo sababu ya haki. Sheria ya Jinai ya nchi hiyo inataja sababu tatu tu za kumweka mtu mahabusu kabla ya hukumu. Ya kwanza ni kuhakikisha kwamba atafika mahakamani. Ya pili ni kulinda umma, hasa pale ambapo kuna uwezekano mkubwa kwamba atatenda kosa jingine au ataingilia ushahidi. Ya tatu ni kulinda imani ya wananchi kwa mahakama, kwa kutazama uzito wa kosa, nguvu ya ushahidi na mazingira ya tukio.

Kwa kawaida, anayetaka mshtakiwa azuiliwe ni mwendesha mashtaka, na yeye ndiye anayebeba mzigo wa kuonyesha sababu. Mahakama Kuu Kabisa ya Kanada ilisisitiza mwaka 2017, katika kesi ya Antic, kwamba hakimu anapaswa kupanda ngazi kidato kwa kidato: aanze na masharti mepesi, na asiende kwenye mazito mpaka yale mepesi yaonekane hayatoshi. Hata hivyo, kwa makosa fulani sheria huugeuza mzigo huo, na mshtakiwa mwenyewe ndiye hulazimika kuonyesha kwa nini aachiliwe. Utaratibu huo si mgeni. Mahakama hiyo hiyo iliukubali mwaka 1992 katika kesi ya Pearson. Msomaji aukumbuke, kwa kuwa ndio kiini cha mabadiliko tutakayoyaeleza.

2. Wenyeji wa asili ni akina nani

Sheria ya Kanada inatambua makundi matatu ya wenyeji wa asili: Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wametis. Katika sensa ya mwaka 2021 walihesabiwa watu wapatao milioni 1.8, yaani asilimia 5 ya wananchi wote. Wengine wanaishi mijini, wengine katika hifadhi zao, na wengine katika vijiji vya mbali kaskazini ambavyo havina barabara. Hufikiwa kwa ndege, kwa boti wakati wa kiangazi, au juu ya barafu.

Historia yao na serikali ina majeraha. Kwa zaidi ya miaka 100, watoto wapatao 150,000 walichukuliwa kutoka kwa wazazi wao na kupelekwa katika shule za bweni zilizokusudiwa kuwasahaulisha lugha na desturi zao. Wengi waliteswa humo, na maelfu walifariki. Shule za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990, na Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitoa taarifa yake ya mwisho mwaka 2015. Mtoto aliyelelewa kwa kiboko na asiyewajua wazazi wake alipokuwa mzazi naye, mara nyingi hakuwa na malezi ya kumrithisha mwanawe. Askari anayefika katika vijiji hivyo leo anafika katikati ya historia hiyo, apende asipende, hasa kwa kuwa polisi ndio waliotumwa zamani kuwachukua watoto na kuwarudisha waliotoroka.

Matokeo yake yanaonekana katika takwimu mbili zinazopaswa kusomwa pamoja. Wenyeji wa asili ni asilimia 5 ya watu wa Kanada, lakini takriban mtu mmoja kati ya kila wanne wanaouawa nchini humo ni wa kwao. Na ni hao hao asilimia 5 ambao ni karibu theluthi moja ya wafungwa wote wa magereza ya serikali kuu. Kwa wanawake, ni karibu nusu. Anayetazama takwimu ya kwanza peke yake atasema dhamana ibanwe. Anayetazama ya pili peke yake atasema ilegezwe. Mwenye kutazama zote mbili atakaa na kufikiri.

3. Asubuhi ya tarehe 4 Septemba 2022

Jumapili hiyo, mapema asubuhi, mtu mmoja mwenye kisu alipita nyumba kwa nyumba katika hifadhi ya James Smith, makazi ya Wakree katika mkoa wa Saskatchewan, kisha akafika katika kijiji jirani cha Weldon. Watu 11 waliuawa na wengine 17 walijeruhiwa. Waliokufa walikuwa jamaa zake, jirani zake, na watu waliotoka kwenda kuwasaidia wenzao. Mshambuliaji alikamatwa baada ya siku tatu za msako, na akafa muda mfupi baadaye akiwa mikononi mwa polisi. Jina lake halina faida katika somo hili.

Yenye faida ni haya. Mtu huyo alikuwa na hukumu 59 alizopata akiwa mtu mzima, zikiwamo za ukatili, na baadhi dhidi ya watu wa nyumbani mwake. Tangu Mei mwaka huo alikuwa akitafutwa kwa sababu ya kukimbia usimamizi. Kwa miezi ile yote, hati ya kumkamata ilikuwapo na yeye alikuwapo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mauaji mengi ya aina hii hayaletwi na mgeni. Yanaletwa na mtu anayejulikana kwa jina la ukoo wake, ambaye mama yake anamwombea na mke wake anamwogopa.

Uchunguzi wa hadhara kuhusu vifo hivyo ulifanyika Januari 2024 katika mji wa Melfort, mbele ya jopo la raia sita. Familia zilisikilizwa, polisi wakahojiwa, na maafisa wa magereza wakaeleza maamuzi yao. Viongozi wa James Smith nao walikuwa wamekwisha kutoa dai lililo wazi: wapate polisi wao wenyewe, wanaokaa pale pale na kuwajua watu, badala ya kungoja msaada utoke mji mwingine.

4. Jambo moja la kusahihisha

Hapa nawaomba wasomaji, na hasa askari wenzangu, tuwe waangalifu. Baada ya msiba ule watu wengi walisema kwamba muuaji alikuwa nje kwa dhamana. Haikuwa hivyo. Dhamana ni ya mtu ambaye hajahukumiwa. Yule alikuwa mfungwa aliyehukumiwa na kuachiliwa kwa masharti, kwa kuwa sheria ya Kanada inaamuru wafungwa wengi wa serikali kuu watolewe chini ya usimamizi wakishatumikia theluthi mbili za kifungo. Alitolewa Agosti 2021, masharti yakamshinda, akarudishwa ndani, Februari 2022 bodi ya parole ikamruhusu atoke tena pamoja na onyo, na Mei akatoweka.

Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Ukiugua malaria ukatibiwa tumbo, utabaki na malaria yako. Kubana dhamana hakungeizuia James Smith, kwa sababu ufa haukuwa katika dhamana. Ulikuwa katika usimamizi wa mtu aliyekwisha kuachiliwa, na katika kumtafuta mtu anayejulikana kuwa amekimbia. Polisi anayewaeleza wananchi sheria isiyo sahihi, hata kwa nia njema, anawapa tumaini lisilo na mizizi.

Tukio ambalo kweli lilihusu dhamana lilitokea miezi michache baadaye. Tarehe 27 Desemba 2022, karibu na Hagersville katika mkoa wa Ontario, konstebo kijana wa polisi wa mkoa alipigwa risasi na kufa alipokwenda kutazama gari lililotumbukia mtaroni. Mmoja wa walioshtakiwa alikuwa nje kwa dhamana, na hati ya kumkamata kwa kutofika mahakamani ilikuwa imekwisha kutolewa. Wakuu wa serikali za mikoa yote 10 na maeneo yote 3 walimwandikia Waziri Mkuu barua ya pamoja Januari 2023, wakitaka sheria ibadilishwe.

5. Sheria iliyobadilishwa

Muswada uliofuata ulipewa namba C-48. Ulifikishwa bungeni Mei 2023, ukapata idhini mwezi Desemba, na sheria ikaanza kutumika tarehe 4 Januari 2024. Kwa ufupi, ulifanya mambo haya.

Kwanza, mtu akishtakiwa kwa kosa la ukatili lililohusisha silaha, ambalo adhabu yake ya juu kabisa ni kifungo cha miaka 10 au zaidi, na ikiwa ndani ya miaka 5 iliyopita aliwahi kutiwa hatiani kwa kosa la namna hiyo hiyo, mzigo unageuka. Yeye ndiye atakayeonyesha kwa nini aachiliwe.

Pili, mzigo huo umegeuzwa pia kwa baadhi ya makosa ya bunduki, na umepanuliwa kwa wanaoshtakiwa kuwapiga wake, waume au wapenzi wao ilhali waliwahi kuonekana na hatia ya kosa kama hilo, hata kama mahakama iliwaachia bila kuwaandikia hukumu.

Tatu, hakimu anatakiwa kuzingatia kama mshtakiwa ana historia ya hukumu za ukatili, na kuandika katika kumbukumbu kwamba amezingatia usalama wa jamii. Awali alitakiwa kuandika kuhusu usalama wa mhasiriwa; sasa jamii nzima imeongezwa.

Nne, na hili wengi hawalitaji, hakimu anatakiwa pia kuandika kama mshtakiwa ni mwenyeji wa asili au ni wa kundi jingine linaloonewa mara nyingi, na jinsi alivyozingatia hali yake. Kwa hiyo sheria moja imemwekea hakimu maswali mawili: je, umewafikiria wanaoishi karibu na mtu huyu? Na je, umemfikiria mtu huyu mwenyewe na alikotoka?

Ieleweke vizuri kwamba kugeuza mzigo si kufuta dhamana. Mshtakiwa bado anahesabiwa hana hatia. Tunaweza kumwita mhalifu sugu kwa makosa ambayo mahakama ilikwisha kuyathibitisha, lakini kwa shtaka jipya yeye ni mshtakiwa kama wengine. Mjadala nao haujaisha. Oktoba 2025 serikali ya Kanada ilipeleka bungeni muswada mwingine wa kukaza dhamana na adhabu.

6. Upande wa pili wa mizani

Mwaka 1996 Bunge la Kanada liliwaagiza majaji kufikiria adhabu zisizo za kifungo kwa wakosaji wote, na kwa uangalifu wa pekee kwa wenyeji wa asili. Mwaka 1999, katika kesi ya Gladue, Mahakama Kuu Kabisa ilifafanua kwamba jaji anapaswa kutazama historia iliyomfikisha mtu pale alipo. Mwaka 2019 kanuni kama hiyo iliingizwa waziwazi katika maamuzi ya dhamana.

Wapo wanaouliza: je, huu si upendeleo? Swali hili lisibezwe, maana linaulizwa hata na wenyeji wa asili waliofiwa. Fikiria mzee wa kijiji ambaye binti yake ameuawa na kijana wa kijiji hicho hicho. Ukimwambia kwamba mahakama ilikuwa na huruma kwa muuaji kwa sababu ni mwenyeji wa asili, atakuuliza: na binti yangu je, hakuwa mwenyeji wa asili?

Jibu la haki, kwa maoni yangu, ni kwamba kanuni hiyo haikutungwa ili mtu hatari arudishwe mlangoni kwa mhasiriwa wake. Ilitungwa kwa ajili ya yule ambaye angezuiliwa kwa umaskini wake tu. Tazama jinsi mambo yanavyokwenda kaskazini. Katika eneo la Nunavut makazi yote 25 hayaunganishwi na barabara, na mahakama huwafuata watu kwa ndege, ikizunguka kwa zamu. Mshtakiwa anayenyimwa dhamana hupelekwa mbali na nyumbani, mahali ambapo lugha yake huenda isisikike. Anaambiwa alete mdhamini mwenye mali na asiye na hukumu yoyote, naye anatoka katika kijiji ambacho watu ni wachache na nyumba si zao binafsi. Mwenzake wa mjini mwenye kosa lile lile hupata mdhamini kwa kupiga simu mara moja.

Kisha yako masharti. Mlevi anaachiliwa kwa sharti la kutokunywa hata tone, bila kupewa matibabu yoyote. Baada ya siku tatu amekunywa, na sasa ana shtaka jipya la kuvunja sharti, juu ya kosa dogo la kwanza. Mwaka 2020, katika kesi ya Zora, Mahakama Kuu Kabisa ilionya kwamba masharti yawe machache, ya lazima, na yanayolingana na hatari halisi. Kwa njia ile ya zamani mtu asiye hatari alijazwa mashtaka kumi, na askari wakatumia muda wao kumkimbiza yeye, wakati mwenye kisu anatembea. Leo hii, katika magereza ya mikoa ya Kanada, walio wengi ni mahabusu ambao kesi zao hazijakwisha.

Hapo ndipo penye fundisho kubwa. Kumzuilia kila mtu na kumwachilia kila mtu ni makosa mapacha, kwa kuwa yote mawili yanamwepushia afisa kazi ya kutofautisha. Usalama unapatikana pale ambapo polisi, mwendesha mashtaka na hakimu wanajua ni nani hasa aliye hatari, kwa nani, na kwa sababu gani.

7. Kazi inayoanza kituoni

Uamuzi wa dhamana hutolewa na hakimu, lakini chakula chake hupikwa kituoni. Hakimu hamjui mshtakiwa. Anamjua kwa karatasi. Karatasi ikisema tu kwamba "mtuhumiwa alimpiga mlalamikaji," hakimu ataona ugomvi. Karatasi ikieleza kwamba ni mara ya nne, kwamba safari hii alimkaba koo, kwamba alitishia kuua, kwamba silaha haijapatikana na kwamba wanaishi uwanja mmoja, hakimu ataona hatari. Ni tukio lile lile. Kilichotofautiana ni bidii ya askari.

Nchini Kanada mhasiriwa akiomba nakala ya amri ya dhamana, sheria inamtaka hakimu ampatie. Haki hii ina thamani kwake tu ikiwa ameambiwa kwamba ipo. Mwanamke aliyejulishwa jioni kwamba mumewe anatoka kesho, na kwamba haruhusiwi kufika karibu naye, anaweza kulala kwa dada yake. Asiyejulishwa atamfungulia mlango.

Zipo pia jitihada za wenyeji wa asili wenyewe. Wako wasaidizi wa mahakamani wanaotoka katika jamii zao, wanaomfafanulia mshtakiwa mashtaka na kumfafanulia hakimu mahali alipotoka mshtakiwa. Taifa la Tsuut'ina, karibu na Calgary, lina mahakama yake tangu mwaka 2000, ambamo wapatanishi wa jamii hufanya kazi pamoja na hakimu. Kaskazini mwa Ontario, polisi wa Nishnawbe Aski huhudumia zaidi ya jamii 30 za Mataifa ya Kwanza. Mahali ambapo mzee wa ukoo anashirikishwa, mshtakiwa anapata msimamizi ambaye hawezi kumdanganya kwa urahisi.

8. Sisi tunajifunza nini

Sheria zetu za Uganda na za Kanada zilichota dhana ya dhamana katika kisima kimoja, sheria ya Kiingereza. Katiba yetu ya mwaka 1995, kifungu cha 23, inamruhusu mshtakiwa kuomba dhamana mahakamani, na inaamuru aachiliwe kwa masharti yanayofaa akikaa mahabusu siku 60 kabla ya kesi kuanza, au siku 180 kwa makosa yanayosikilizwa na Mahakama Kuu peke yake. Mwaka 2021 Rais alipotoa maoni kwamba watuhumiwa wa makosa kama mauaji wasipewe dhamana, mjadala mkali ulizuka, na mwaka uliofuata Mahakama ilitoa miongozo mipya ya dhamana. Kwa hiyo yanayojadiliwa Kanada si mageni kwetu. Yako mambo manne ya kushika.

La kwanza, bondi ya polisi ni bure. Anayekuomba fedha ili ndugu yako atoke anakuibia, na anaiba pia imani ya kijiji kizima. Mahali ambapo dhamana inauzwa, mhalifu sugu ndiye mnunuzi wa kwanza.

La pili, mdhamini si mtu wa kutia sahihi na kwenda zake. Ameahidi mahakama kwamba mtu huyo atarudi. Akiona dalili za kutoroka, akanyamaza, amevunja ahadi.

La tatu, mwenyekiti wa LC1 anayeandika barua ya utambulisho aandike anachokijua. Barua inayomsafisha mtu ambaye kijiji kizima kinamkimbia inampotosha hakimu, na siku damu ikimwagika mwandishi hatalala vizuri.

La nne linawahusu wazazi na jamaa. Wengi huficha ukatili wa vijana wao kwa kuwaonea haya au huruma. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Tishio la leo liripotiwe leo. Uliza namba ya kumbukumbu, itunze, na mtuhumiwa akiachiliwa uliza masharti yake ni yapi. Akiyavunja, rudi kituoni siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na yule mama aliyeniuliza kama sheria inamjua? Leo ningemjibu hivi: mama, sheria inakujua pale sisi tunapoandika habari zako kikamilifu, tunapokwambia mtu wako anatoka lini na kwa masharti gani, na tunapokuja mara moja ukituita. Haki ya mshtakiwa kungoja kesi yake akiwa nje haikuandikwa dhidi yako. Lakini ikiwa anatoka nje na hakuna aliyekuambia, umekosewa, na si na Katiba. Umekosewa na sisi. Hilo ni letu kulirekebisha.

Maswali ya majadiliano vituoni na mikutanoni

1. Eleza tofauti kati ya mtu aliye nje kwa dhamana na mfungwa aliyeachiliwa kwa masharti kabla ya kifungo kwisha. Kwa nini ni muhimu wananchi wajue tofauti hiyo?

2. Mtuhumiwa ana umri wa miaka 19, hana mdhamini, na ameiba kuku. Mwingine ana umri wa miaka 35, ana wadhamini watatu wenye mali, na ameshtakiwa mara ya tatu kwa kumkata mkewe kisu. Ni yupi anayeihatarisha jamii zaidi? Ni yupi anayeelekea kubaki mahabusu? Kama majibu hayalingani, tatizo liko wapi?

3. Askari: chukua jalada moja la ukatili wa nyumbani ulilolishughulikia. Je, hakimu akilisoma ataiona hatari uliyoiona wewe?

4. Wazee na viongozi: ni jambo gani mnalolijua kuhusu mtu hatari kijijini kwenu ambalo polisi hawajaambiwa? Kinachozuia kusema ni woga, undugu au kutotuamini?

5. Katika eneo letu, nani humjulisha mhasiriwa kwamba mtuhumiwa ameachiliwa? Ikiwa hakuna jibu, kubalianeni jibu hilo kabla mkutano haujafungwa, na liandikwe jina la atakayehusika.